Kutoka plea ya zamani mpaka plea ya skrini ya kugusa: mwongozo kamili kwa sisi wa L'shi (Lubumbashi)

Papa yangu anashika rimoti, anasogea karibu mpaka pua inataka kugusa kioo, na bado hasomi jina la albamu. Siku hiyo njo niliamua tubadilishe. Plea yetu, yaani chombo cha kupiga muziki kupitia mtandao wa nyumbani, ni Squeezebox Classic ile ya zamani, ya skrini nyeusi na maandishi ya kijani-samawati, yaya yangu (ndugu yangu mkubwa) aliitoa Ubelgiji mwaka 2008, imeimba rumba kwenye sebule yetu hapa Katuba miaka na miaka, sauti yake mpaka leo haina kasoro, lakini ile taa ya maandishi inafifia vile inazeeka, na macho ya mzee nayo hivyo hivyo, vikikutana hivyo viwili mtu anabaki kupapasa vibonyezo na kuita watoto.

Kazi ilinichukua karibu wiki tatu, si juu ni ngumu, ni juu nilianza kwa mwisho: nilinunua skrini kwanza, halafu njo nikaanza kufikiria umeme, diske na majina ya nyimbo. Hapa naandika kwa mpangilio ule ningependa mtu anipatie mimi wakati ule. Kama uko Lubumbashi, Likasi, Kolwezi ao hata Goma, mambo mengi yatakuwa yale yale.

Kwanza ujue unabadilisha nini

Watu wengi wanafikiri muziki unakaa ndani ya plea. Haukai. Kwenye hizi plea za mtandao kuna vitu vitatu: diske yenye mafaili, seva inayosoma yale mafaili na kuyapanga, na plea yenyewe inayopokea na kugeuza kuwa sauti kwa ampli. Plea ni mlango tu. Ukibadilisha mlango nyumba inabaki, ila kama nyumba ilikuwa imevurugika ndani, mlango mpya wa kioo utaonyesha kila kitu. Kumbuka hilo, nitalirudia mbele.

Historia kidogo, juu inasaidia kununua. Kampuni ya Slim Devices ya Marekani ilitoa plea yake ya kwanza, SLIMP3, mwaka 2001, halafu Squeezebox mwaka 2003. Logitech ikainunua kampuni mwaka 2006. Squeezebox Touch, ile yenye skrini ya kugusa ya inchi 4.3, ikaingia sokoni mwaka 2010, na mwaka 2012 Logitech ikaacha kutengeneza familia nzima. Tovuti yao ya mysqueezebox.com, ile iliyokuwa inaleta redio na kusajili plea mpya, ilifungwa mwaka 2024. Watu wengi waliposikia hiyo wakasema basi vyombo vimekufa. Havijafa hata kimoja! Seva yenyewe ni ya bure na wazi, wapenzi wameichukua na wanaiendeleza kila siku, zamani iliitwa Logitech Media Server, sasa inaitwa Lyrion Music Server, na bado inazungumza na plea zote za zamani pamoja na mpya.

Na kwetu sisi hii ina faida kubwa. Muziki ukiwa kwenye diske yako na seva iko ndani ya nyumba, hautumii mega hata moja. Ruta inaweza kukosa forfe (kifurushi cha intaneti) wiki nzima, muziki unaendelea. Linganisha na redio ya intaneti ya 128 kbps inayokula karibu MB 58 kwa saa.

Uchague njia yako

Njia ya kwanza ni kutafuta Squeezebox Touch iliyotumika. Ni kitu kizuri mno, imefungwa vizuri, ina matundu ya kutoa sauti ya analogi, optiki na koaksia, inapiga mpaka biti 24 na 96 kHz wakati ile Classic yetu inaishia 48. Ina nafasi ya kadi ya SD na USB, na ndani yake kuna seva ndogo, ila seva hiyo ni dhaifu, ukiwa na maktaba kubwa itakuchosha. Umri wake pia: hata iliyo changa kabisa ina zaidi ya miaka 10. Ukiinunua mbali bila kuigusa, omba video mtu akiburuta kidole kutoka kona hii mpaka kona ile, skrini yote, juu skrini ikifa hapa L'shi hautapata ingine.

Njia ya pili njo nilichukua mimi: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, skrini yao rasmi ya inchi 7 (pikseli 800 kwa 480), na mfumo wa bure unaoitwa piCorePlayer. Ukimaliza, menyu inafanana sana na ile ya Touch, kwa sababu programu inayochora skrini, Jivelite, imetoka kwenye ukoo ule ule. Sababu yangu ni mbili. Ya kwanza, kila kipande kinabadilishwa peke yake: adapta ikiungua unanunua adapta, kadi ikifa unanunua kadi. Ya pili, na hii njo ilinishika moyo, piCorePlayer inajipakia yote kwenye memori wakati wa kuwaka, halafu inaacha kuiandika kadi ya SD, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla kadi haiharibiki kwa urahisi. Kwa mtu wa delestaji (kukatiwa umeme kwa zamu) ya kila siku, hakuna sifa inayoshinda hiyo.

Kuna njia ya tatu, kununua kitu kipya kilichokamilika, mfano WiiM Ultra ya skrini ya inchi 3.5, ambayo nayo inaweza kuungana na seva ya Lyrion. Ni ya haraka, haina kufunga waya. Ila kwa mzee wangu inchi 3.5 ni ndogo, na mimi nilitaka kitu ninachoweza kukifungua. Kutoka hapa nitafuata njia ya pili, lakini mambo ya umeme, ya maktaba na ya kuhamisha seva yanakuhusu hata ukichagua zingine.

Vitu nilivyonunua: Raspberry Pi 4 ya GB 2 (inatosha kabisa, Pi 3 pia inafaa), skrini ya inchi 7, kadi ya SD ya GB 16, kadi ya sauti ya HiFiBerry inayokaa juu ya Pi, adapta ya 5V 3A, na diske ya SSD. Kama unachukua Pi 5, jua mambo mawili: haina tena tundu la hedifoni, na tundu lake la skrini ni dogo zaidi, inataka kable nyingine.

Kadi za SD na flashi, wandugu, mupime kabla ya kuweka muziki. Niliwahi kununua flashi ya "GB 128" kando ya barabara, ikakubali kila kitu, nikafurahi, kumbe ndani ilikuwa GB 8, nyimbo zote za mwisho zilikuwa maganda matupu. Programu ya H2testw kwenye Windows ao F3 kwenye Linux inajaza kadi yote na kuisoma tena, inachukua muda lakini inakuambia ukweli.

Umeme, kabla ya kitu kingine chochote

Hapa njo miongozo ya watu wa Ulaya inatuacha njiani. Wao wanasema tu chomeka. Huku kwetu kinachoua vyombo si sana umeme kukatika, ni umeme kurudi: unarudi na nguvu, unashuka, unapanda tena, halafu unatulia. Kwa hiyo fanya hivi, plea na ampli na ruta vyote vikae kwenye ralonji moja (waya wa prizi nyingi) inayopita kwa stabilizatere (chombo cha kutuliza volti), na umeme ukikatika zoea kuzima ile ralonji, usubiri dakika tano baada ya kurudi, njo uwashe. Papa mwenyewe sasa anafanya hivyo bila kukumbushwa.

Ukiwa na betri ya sola, mambo yanakuwa mazuri zaidi, juu Pi inakula kidogo. Pi 4 pamoja na skrini vinakula karibu watti 7 vikipiga muziki. Betri ndogo ya 12V 7Ah ina watti-saa 84, ukitumia nusu tu ili usiiue, ni 42, kwa hiyo unapata saa 5 hivi ukiondoa kinachopotea kwenye kibadilishi cha 12V kwenda 5V. Ampli ni hesabu nyingine, soma mgongoni mwake. Hicho kibadilishi chukua chenye uwezo wa 3A kweli, na ukipime na multimeta kabla ya kuunga Pi: kinatakiwa kutoa 5.1V hivi. Ukiona alama ndogo ya radi kwenye kona ya skrini, ao Pi inajizima na kuwaka yenyewe wakati sauti inapanda, volti imeshuka chini, mara nyingi ni kable nyembamba ya kuchajia telefoni, badilisha kable kabla ya kulaumu Pi.

Onyo kwa wenye Squeezebox nyingi nyumbani: Classic na Touch zinatumia 5V, lakini Squeezebox Radio inatumia 18V. Adapta zote ni nyeusi, zote zinafanana. Chukua bandi nyeupe, andika kwa kalamu jina la chombo na volti, bandika kwenye adapta na kwenye kichwa cha waya pia. Fanya leo.

Na msimu wa mvua, radi zetu za Katanga zinapita hata kwenye kable ya mtandao. Anga likianza kunguruma chomoa na kable ya ruta pia, si prizi peke yake.

Maktaba: hapa usiharakishe

Plea ya zamani ilikuwa inaonyesha mistari miwili ya maandishi. Hakuna picha. Kwa hiyo kwa miaka yote hakuna mtu nyumbani aliyejali kama faili zina majina sawa ao hazina, mtu anatafuta mpaka anapata. Skrini ya kugusa ni kitu tofauti: inafungua ukuta wa posheti (picha za jalada) za albamu, na kama hauna posheti unaona ukuta wa miraba ya kijivu, na kama majina yamevurugika msanii mmoja anatokea mara tano. Mtu anasema plea mpya mbaya, kumbe ni maktaba.

Mimi nilikuta OK Jazz imegawanyika hivi: "OK Jazz", "O.K. Jazz", "TPOK Jazz", "T.P. OK Jazz", na "Tout Puissant OK Jazz". Orkestra moja, milango mitano. Na mzee wetu wa gitaa wa huku Katanga, Mwenda, yuko kama "Jean Bosco Mwenda", kama "Mwenda Jean Bosco", na kama "Mwenda wa Bayeke". Seva haijui ni mtu mmoja, inasoma tu kile kilichoandikwa kwenye tagi ndani ya faili. Jina la faili halihesabiki sana, tagi njo inahesabika.

Chukua Mp3tag, ni ya bure. Fungua dosie ya muziki, panga kwa msanii, chagua faili zote za msanii mmoja kwa pamoja, andika jina moja kwenye nafasi ya msanii, hifadhi. Kaa na mzee wakati wa kufanya hivyo. Nilifikiri nitamaliza jioni moja, tukachukua jioni nne, juu kila jina lilikuwa na hadithi, nani aliimba, nani alitoka kwenye kundi, nani alikuwa anapiga solo, na mambo mengine niliyoyaandika kwenye tagi hayako kwenye CD yoyote, yako kwenye kichwa cha papa tu. Kama nyumbani kwako kuna mzee wa namna hiyo, hii njo nafasi.

Zile CD za mchanganyiko, wasanii kumi na tano kwenye diski moja, zinahitaji uangalizi: weka kwenye nafasi ya msanii wa albamu neno moja kwa nyimbo zote, mfano "Wasanii mbalimbali", ao weka tagi ya COMPILATION iwe 1. Usipofanya hivyo albamu inaweza kukatwakatwa vipande.

Posheti sasa. Seva inatafuta ndani ya dosie ya albamu picha inayoitwa cover.jpg ao folder.jpg. Zile za albamu zinazojulikana unapata kwa urahisi, shida ni kaseti na CD za mtaani zisizo na kitu. Nilichofanya, nilitoa makasha yote ya papa nje ya parseli asubuhi, kwenye kivuli cha ukuta, si kwenye jua lenyewe juu plastiki inang'aa, nikaweka kitambaa cheupe chini, nikapiga picha na telefoni moja moja nikisimama juu kabisa, halafu nikazikata ziwe mraba, pikseli 600 kwa 600 zinatosha. Kaseti moja haikuwa na posheti, ilikuwa na karatasi tu yenye mwandiko wa mama yangu wa mwaka 1991, kalamu ya bluu, na majina ya nyimbo yamefutwa mara mbili. Nilipiga picha ile karatasi. Sasa njo posheti yake, na kwenye skrini ndiyo ya kwanza papa anagusa.

Kama bado una CD hazijaingizwa, ingiza kwa FLAC (aina ya faili isiyopunguza sauti), albamu moja inachukua karibu MB 300 mpaka 400, kwa hiyo CD 500 zinaingia kwenye diske ya GB 250 na nafasi inabaki. Usigeuze MP3 za zamani kuwa FLAC, haziongezeki kitu, zinanenepa tu.

Okoa vya seva ya zamani

Kabla ya kuzima ordinatere (kompyuta) yenye seva ya zamani, fungua seva kwenye kivinjari, anwani ya ordinatere halafu :9000, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya habari inakuonyesha dosie za mapendeleo ziko wapi. Kwenye Windows mara nyingi ni C:\ProgramData\Squeezebox. Nakili dosie nzima ya prefs kwenye flashi, ndani yake kuna favorites.opml, yaani redio na vipenzi vyako vyote. Nakili pia dosie ya playlisti.

Playlisti zina mtego. Faili ya m3u ni maandishi ya kawaida, na mara nyingi ndani imeandikwa njia nzima, mfano C:\Muziki\OK Jazz\... Seva mpya itakaa ndani ya Pi, kwenye mfumo wa Linux, haijui C: ni nini, kwa hiyo playlisti zitafunguka tupu. Zifungue kwenye Notepad, badilisha "C:\Muziki\" iwe "/mnt/muziki/", halafu badilisha kila \ iwe /. Herufi kubwa na ndogo pia: kwa Linux "Rumba" na "rumba" ni dosie mbili. Na hifadhi kwa UTF-8, juu majina yetu mengi yana é na è.

Kufunga skrini

Fanya kwenye meza safi, si kwenye kitanda, na Pi isiwe imechomekwa popote. Nyuma ya skrini kuna kadi ndogo, kutoka pale inatoka kable bapa nyeupe. Kwenye Pi 4 kuna matundu mawili yanayofanana, moja limeandikwa DISPLAY, lingine CAMERA, soma vizuri. Inua kile kiplastiki cha tundu kwa kucha pande zote mbili kidogo tu, karibu milimita moja, usikivute kikatoka, ingiza kable ikiwa imenyooka mpaka mwisho, angalia upande wa madini unagusana na madini ya tundu, halafu sukuma kiplastiki chini. Kable ikikaa pembe hata kidogo skrini itabaki nyeusi na utafikiri umenunua mbovu. Mimi nilirudia mara tatu.

Umeme wa skrini unaweza kutoka kwenye pini za Pi: waya mwekundu kwenye pini ya 2, mweusi kwenye pini ya 6. Lakini kadi ya sauti ya HiFiBerry inakalia zile pini zote, hautafikia. Usianze kulehemu. Ile kadi ya nyuma ya skrini ina tundu lake la micro-USB, ulishe skrini kutoka pale kwa kable yake, Pi ipate yake. Kwenye betri hiyo ni vibadilishi viwili, ao kimoja chenye nguvu na matoleo mawili.

Kuweka piCorePlayer

Chagua siku uko na mega, juu kuna vya kushusha. Shusha piCorePlayer inayolingana na Pi yako, iandike kwenye kadi ya SD kwa kutumia Raspberry Pi Imager ao balenaEtcher, weka kadi kwenye Pi, unga Pi kwa ruta na kable, hata kama baadaye utatumia waifai, mara ya kwanza kable inakuondolea maumivu. Washa. Subiri dakika moja ao mbili. Kwenye telefoni ao ordinatere ya mtandao ule ule fungua pcp.local. Isipofunguka, ingia kwenye ruta utazame orodha ya vyombo, chukua anwani ya ile inayoanza na pcp, na hapo hapo iambie ruta iwe inaipatia anwani hiyo hiyo kila siku, utanishukuru mwezi ujao.

Halafu kwa mpangilio huu huu: panua mfumo wa mafaili, kibonyezo kiko kwenye ukurasa mkuu, usipofanya hivyo hakuna nafasi ya kuweka kitu. Pi inajiwasha upya. Nenda kwenye mipangilio ya Squeezelite (programu inayopiga sauti), chagua kadi yako ya sauti kwenye orodha, hifadhi, inajiwasha tena. Nenda ukurasa wa Tweaks, weka Jivelite. Skrini inawaka, inauliza lugha (Kifaransa kipo, kwa papa nilichagua hicho) na sura, chagua Joggler ya 800 kwa 480. Skrini ikiwa imegeuka kichwa chini, kwenye Tweaks hiyo hiyo unaigeuza.

SASA HIFADHI. Kwenye menyu ya skrini kuna sehemu ya piCorePlayer, ndani yake kuna kuhifadhi mipangilio kwenye kadi ya SD. Kumbuka niliandika mfumo unaishi kwenye memori: hiyo inakulinda na pia inaweza kukutoa machozi. Mimi nilipanga kila kitu mpaka saa nne usiku, lugha, sura, mwangaza, mpaka picha ya nyuma, na umeme ukakatika. Asubuhi skrini ikaniuliza lugha upya. Kila ukibadilisha kitu kwenye skrini, hifadhi.

Seva ni ukurasa wa LMS (kifupi cha jina la seva). Chomeka diske. Kama imefomatiwa kwa NTFS ao exFAT, namna za Windows za kupanga mafaili, weka kwanza nyongeza ya mifumo hiyo, iko pale pale, ila ushauri wangu ni kuifomati diske mpya kwa ext4, ile ya Linux, maana NTFS umeme ukikatika katikati, mara nyingine Linux inakataa kuifungua mpaka uipeleke kwenye Windows. Ipatie diske jina la muziki, itakuwa /mnt/muziki. USB za Pi 4 zote pamoja zinatoa 1.2A tu, diske ya zamani inayozunguka inaweza kulia na kukatika, hiyo njo nilichukua SSD. Weka seva, iwashe, fungua anwani ya Pi na :9000, onyesha dosie ya muziki na ya playlisti, iache isome. Favorites.opml irudishe kwenye dosie ya prefs seva ikiwa imezimwa.

Pi 4 haina saa ya ndani. Ikiwaka bila intaneti inaonyesha saa ya uongo, na kengele ya asubuhi haitapiga kwa wakati. Kama unategemea kengele, iwake walau mara moja na mega kidogo.

Kuunga ampli

RCA mbili kutoka kadi ya sauti kwenda AUX ao LINE ya ampli. Si PHONO, pale sauti itapasuka na unaweza kuumiza bafle (spika). Anza na ampli chini kabisa, panda polepole. Tundu la hedifoni la Pi 4 linafanya kazi lakini kuna mvumo wa chini, kwenye solo ya gitaa kavu unausikia.

Ya zamani usiitupe

Zima seva ya ordinatere kwanza, seva mbili zikiwaka pamoja utakuwa unaona maktaba mbili na kuchanganyikiwa. Kwenye Classic shikilia mshale wa kushoto wa rimoti mpaka iingie kwenye mipangilio ya mtandao, chagua seva mpya. Inajua waifai ya 2.4 GHz tu na ulinzi wa WPA2, kwa hiyo ruta mpya iliyowekwa WPA3 peke yake itaikataa, weka ruta kwenye WPA2. Nyimbo za kHz za juu seva yenyewe inazipunguza ili iweze kuzipiga. Ukiwa umechukua Touch iliyotumika na inakwama ikitaka kusajiliwa kwenye ile tovuti iliyofungwa, ruka hatua hiyo kwa kibonyezo cha kurudi nyuma na uende moja kwa moja kuchagua seva ya nyumbani. Wapenzi wametengeneza pia fimwea (programu ya ndani ya chombo) ya jumuiya kwa ajili ya Touch.

Halafu ziunganishe: kwenye seva kuna chaguo la kusawazisha plea mbili, zikaimba pamoja. Yetu ya zamani sasa iko jikoni kwa mama, kwenye kabafle kadogo. Kama ya jikoni inatangulia ao inachelewa kidogo, kwenye mipangilio ya kila plea kuna kurekebisha kwa milisekunde. Simama mlangoni katikati ya vyumba viwili, piga wimbo wenye ngoma inayogonga wazi, rekebisha 20 kwa 20 mpaka ngoma igonge moja. Ya kwetu ilitulia kwenye 60.

Vumbi la kiangazi linaingia kila mahali, skrini ifute na kitambaa kikavu cha miwani ikiwa imezimwa, na usiweke Pi ndani ya kabati iliyofungwa. Nakala ya diske nzima ninafanya kila mwisho wa mwezi kwenye diske ya pili, naipeleka kwa yaya kule Kampemba, isikae kwenye parseli moja na ya kwanza.